Mhesabu Wadudu wa Jamhuri ya Ongezeko

Msomaji asijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Ongezeko kwenye ramani. Nchi yenyewe ipo, watu wake wapo, na ukiwauliza wanaendeleaje watakujibu kwamba wanaendelea vizuri kuliko jana, maana jibu jingine bado halijaruhusiwa. Humo hakuna kitu kinachopungua. Mvua huongezeka, samaki huongezeka, furaha ya wananchi huongezeka kila baada ya miezi mitatu, na hata umri wa Mtukufu Rais huongezeka, ingawa hilo la mwisho halitangazwi redioni.

Siri ya mafanikio yote hayo ni Waraka Namba Saba. Unasema hivi: hesabu ya mwaka huu ya kitu chochote haitakuwa chini ya hesabu ya mwaka jana, afisa atakayeleta hesabu pungufu atachukuliwa kuwa ndiye aliyekipoteza kilichopungua, na atatakiwa kukirudisha. Ni waraka mfupi, umeandikwa kwa lugha safi, na umewafikisha wengi gerezani.

Miongoni mwa watumishi waaminifu wa nchi hiyo alikuwemo Bwana Hatibu Chambuso, Mhesabu Wadudu wa Taifa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tai moja ya kijani aliyoivaa mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa ya kijani. Kabla yake cheo hicho kilishikwa na Bwana Sekibo, ambaye mwaka mmoja, kwa ujinga au kwa ukaidi, aliripoti kwamba vipepeo elfu nne wamepungua. Polisi walikwenda nyumbani kwake na hati ya upekuzi. Vipepeo wawili walikutwa dirishani na mmoja katikati ya daftari la shule la binti yake. Alifungwa miaka mitatu, kila kipepeo na mwaka wake. Kazi ilipotangazwa tena, aliyeomba alikuwa Chambuso peke yake, kwa kuwa tangazo hakulielewa vizuri.

Utaratibu wa kuhesabu ulikuwa wa kisayansi. Kila mwaka, tarehe kumi ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, gari la serikali lilitoka kwenye geti la Wizara ya Viumbe na Sherehe, likaenda kilomita sitini kwa mwendo uleule, barabara ileile, hadi Daraja la Kisiwi. Barabara hiyo ilichaguliwa na mkurugenzi wa kwanza baada ya utafiti wa kina, naye alikuwa akipenda sana asali ya Kisiwi. Pale darajani Chambuso alishuka, akavua koti, akatoa kibano na mswaki mkuukuu, akaanza kuwabandua wadudu waliogandia kwenye kioo cha mbele, kwenye taa na kwenye kibao cha namba. Alimhesabu kila mmoja. Hata bawa moja lililobaki bila mwenyewe aliliandika pembeni, kwa masikitiko.

Mwaka wa kwanza walikuwa elfu moja mia tisa na kumi na wanne. Dereva alilazimika kusimama mara mbili njiani kwa kuwa haoni mbele, na alitukana njia nzima. Mwaka wa pili walikuwa elfu moja na mia saba.

Chambuso alihesabu upya mara tatu. Alichungulia chini ya gari. Alimwuliza dereva kama hajala chochote. Kisha alikaa kwenye ukingo wa daraja, akamkumbuka Sekibo na vipepeo wake watatu. Kalamu ilipogusa karatasi, iliandika elfu mbili mia moja na watano.

“Asilimia kumi,” alisema Mkurugenzi siku iliyofuata, akagonga muhuri. “Safi sana, Bwana Chambuso. Wadudu wako wana uzalendo.”

Tangu siku hiyo wadudu wa Chambuso waliongezeka asilimia kumi kila mwaka bila kukosa, kwa muda wa miaka thelathini. Hakuna idara iliyomfikia. Idara ya Reli ilikuwa na treni moja tu, na hata wao hawakuthubutu kwenda kasi hiyo.

*

Huku nje ya karatasi mambo yalikwenda kwa namna yake. Bwawa la Mapunda lilifukiwa ili kujengwa Uwanja wa Ongezeko, na vyura waliokuwa wakilitangaza kila masika wakanyamaza. Wizara ikasema wamenyamaza kwa kuridhika. Mikuyu ya barabarani ilikatwa ili mabango ya Mtukufu Rais yaonekane vizuri kutoka ndani ya gari la Mtukufu Rais. Mbayuwayu walikuja mwaka mmoja, wakazunguka, wakakosa cha kula, wakaondoka. Mashamba makubwa ya waheshimiwa yalimwagiwa dawa mara nane kwa msimu, na panzi waliokuwa wakirukaruka mbele ya miguu ya watu kwenye majani wakaanza kuwa hadithi za bibi.

Siku ya Kumbikumbi, ambayo zamani watu walitoka na mabeseni baada ya mvua ya kwanza, wakaokota na kukaanga mpaka mtaa mzima ukanukia, iliendelea kuadhimishwa kwa hotuba. Kumbikumbi wenyewe walipoacha kutokea, wananchi waligawiwa karanga na kuelekezwa wazitafune kwa moyo huohuo. Walimu walifundisha vimulimuli kwa kuwasha na kuzima tochi darasani.

Kioo cha gari kilikuwa shahidi wa yote hayo. Mwaka wa kumi wadudu walikuwa mia nane. Mwaka wa ishirini walikuwa mia moja na tisa, na dereva mpya aliuliza kile kibano ni cha nini. Mwaka wa thelathini na moja Chambuso aliteremka kwenye gari lenye kioo kinachong'aa, akalizunguka mara mbili, akawapata watatu. Mmoja alikuwa nzi, mmoja nondo, na wa tatu huenda alikuwa tope.

Akaandika thelathini na tatu elfu mia tatu tisini na wanane.

Ukweli alimwambia mtu mmoja tu duniani, mkewe Bi Mwanahawa, ambaye pale Kisiwi, upande wa pili wa daraja, alifuga nyuki. Alirithi mizinga arobaini kutoka kwa mama yake, magogo yaliyochongwa na kutundikwa juu ya migunga, na kila mmoja aliujua kwa tabia yake kama mtu anavyowajua mawifi zake. Sasa yenye nyuki ilikuwa kumi na mmoja. Bonde la Kisiwi lilikuwa limepona kwa sababu hapakuwahi kupatikana mheshimiwa aliyelitaka.

“Watatu,” Chambuso alisema siku hiyo, akivua tai.

“Na wewe umeandika wangapi?”

Alipomtajia, Bi Mwanahawa aliacha kupepeta mchele.

“Baba Chausiku, siku moja kuna mtu atakuja kuisoma hiyo karatasi.”

“Mama Chausiku, miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kuisoma. Wanaangalia asilimia, wanagonga muhuri.”

*

Mwaka huohuo aliteuliwa waziri mpya, Mheshimiwa Dakta Kanyigo, kijana mchapakazi aliyerudi kutoka masomoni na miwani isiyo na fremu. Wiki yake ya kwanza ofisini alifanya jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya wizara. Alisoma ripoti.

Alimwita Mkurugenzi, Bi Salehina Lwiza, na Chambuso. Mezani palikuwa na kalamu nne za rangi.

“Wadudu thelathini na tatu elfu kwenye kioo kimoja,” alisema Waziri. “Dereva anaonaje njia?”

“Kwa uzoefu, Mheshimiwa,” alijibu Bi Lwiza, ambaye hakuwahi kufika Daraja la Kisiwi maishani mwake.

“Nimepiga hesabu. Nimechukua kioo, nikazidisha kwa urefu wa barabara zote, nikazidisha kwa upana wa nchi.” Aliinua karatasi. “Ndugu zangu, mnajua kila raia mmoja wa nchi hii amezungukwa na wadudu milioni mbili? Wasio na kitambulisho hata mmoja? Na wanaongezeka asilimia kumi kwa mwaka, wakati chama tawala kinaongezeka asilimia nane?”

Bi Lwiza alishika kifua.

“Nchi hii iko mikononi mwa wadudu,” alisema Waziri kwa sauti ya chini, “na sisi tulikuwa tunawapigia makofi.”

Hapohapo ilizaliwa Operesheni Safisha Anga. Meli mbili za dawa ziliagizwa, ndege tatu zikapakwa rangi za bendera. Dawa ilikuwa ya aina iliyopigwa marufuku katika nchi zote ambazo wadudu wake hawakuwa na nguvu za kisiasa. Ndege zingeanzia pale hesabu ilipokuwa kubwa kuliko pote, ambapo kwa mujibu wa karatasi za Chambuso ni Bonde la Kisiwi.

Chambuso alifika nyumbani jioni ya siku hiyo. Alimweleza mkewe kila kitu akiwa amesimama, bila kuvua viatu. Bi Mwanahawa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama kule juu kwenye migunga.

“Miaka yote wewe ulikuwa unaongeza kwenye karatasi,” alisema, “mimi huku napunguza mizinga. Sikukusema, maana nilijua unaogopa jela, na mimi sikutaka mume wangu afungwe. Lakini hawa kumi na mmoja ndio waliobaki, Baba Chausiku. Hakuna wengine wa kuwafuata. Kesho nenda ukawaambie.”

“Watanifunga.”

“Nitakuletea uji.”

Chambuso aliona haya kuliko alivyowahi kuona haya maishani. Hakulala vizuri, na asubuhi alifunga tai yake vibaya, akaondoka.

*

Kwanza alikwenda kwa Bi Lwiza, kwa kuwa mtumishi hawezi kuruka ngazi hata kwa ajili ya kujifungisha. Mkurugenzi alimsikiliza akiwa anakata kucha.

“Kufuta takwimu kunawezekana,” alisema. “Kuna fomu. Unaijaza nakala tano, unaziambatanisha na kile kilichohesabiwa. Nirudishie wadudu thelathini na tatu elfu mia tatu tisini na watano, halafu tuzungumze.”

“Mkurugenzi, hawapo. Hawakuwahi kuwepo.”

“Bwana Chambuso, wana muhuri wangu. Kitu chenye muhuri wangu hakiwezi kuwa hakipo.”

Basi siku nane baadaye alikwenda kwenye uzinduzi wa Operesheni, uliofanyika katika Ukumbi wa Makofi mbele ya mawaziri, mabalozi na kwaya mbili. Waziri alipotamka kwamba Mhesabu Wadudu wa Taifa atasoma hesabu ya adui, Chambuso alipanda jukwaani. Kipaza sauti kilipiga kelele, kikatulia.

“Walikuwa watatu,” alisema.

Akakisogelea zaidi kipaza sauti.

“Nzi, nondo, na mwingine sina hakika naye. Ile hesabu niliibuni mimi kwa sababu ya woga. Mwaka juzi walikuwa saba. Wadudu wa nchi hii wamekwisha, waheshimiwa, na ndege wamekwisha pamoja nao, na vyura. Nyuki wamebaki Kisiwi tu, mizinga kumi na mmoja, na ya kwetu ndiyo hiyo. Nawaomba msimwage dawa. Nifungeni mimi.”

Alinyoosha mikono mbele ili afungwe pingu. Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wanamtazama Waziri, kwa kuwa katika Jamhuri ya Ongezeko mtu haruhusiwi kujua amesikia nini mpaka mkubwa wake amwonyeshe kwa uso.

Dakta Kanyigo alivua miwani, akaifuta taratibu. Alipoivaa tena, macho yalikuwa na machozi.

“Ndugu wananchi,” alisema, “mmesikia wenyewe. Kutoka thelathini na tatu elfu hadi watatu! Operesheni ina siku tisa tu tangu niitangaze, dawa bado haijafunguliwa, na adui amekwisha kuteketea kwa hofu!”

Watu walisimama. Kwaya zote mbili zilianza kuimba, kila moja wimbo wake. Balozi mmoja alilia kwa sauti, na baadaye ilisemekana alikuwa amekanyagwa.

Mtu mmoja wa sheria alinong'ona kuhusu Waraka Namba Saba, akajibiwa kwamba kupungua kwa maadui ni kuongezeka kwa ushindi, na waraka ukarekebishwa hapohapo kwa kalamu. Chambuso, aliyekuwa bado amenyoosha mikono, alivishwa nishani ya bati yenye picha ya panzi aliyelala chali.

“Mheshimiwa,” alisema akimshika Waziri mkono, “basi dawa haina haja tena. Kama wamekwisha, dawa ya nini?”

Waziri alimwangalia kwa upendo wa kweli.

“Mzee wangu, dawa imeshafika bandarini. Ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Tutaimwaga kama shukrani. Na kwa heshima yako, tutaanza na kijiji chako.”

*

Ndege zilipita Jumapili asubuhi, wakati migunga ilikuwa kwenye maua. Zilipita mara sita, zikiacha moshi wa rangi za bendera, na watoto waliambiwa wapunge mikono. Kufikia adhuhuri nyuki walikuwa wamelala chini ya kila mzinga, wengine bado wanatikisa miguu. Bi Mwanahawa aliwafagia kwa mkono, si kwa fagio. Aliwajaza kwenye ungo uleule anaopepetea mchele, mara kumi na moja, akachimba shimo nyuma ya nyumba. Chambuso aliomba amsaidie kubeba. Bi Mwanahawa aliubeba ungo mwenyewe.

Msimu uliofuata maboga yalitoa maua mengi ya kupendeza, na maua yakanyauka bila kushika hata boga moja. Vivyo hivyo matango, matikiti, na mapasheni. Wizara ilichunguza, ikagundua kwamba tatizo ni ukosefu wa kujituma kwa maua. Maua yalipewa onyo la maandishi. Yalipokaidi, uliundwa Mpango wa Taifa wa Uchavushaji, na kila mwananchi mwenye umri wa miaka kumi na mbili na kuendelea akatakiwa kufika shambani alfajiri, akiwa na unyoya wa kuku, kupeleka chavua kutoka ua hadi ua. Waliochelewa walisomewa risala.

Sasa wadudu walitakiwa waongezeke tena, kwa kuwa watatu ni aibu kwa nchi inayopanda. Waraka mpya ukasema kwamba yeyote afanyaye kazi ya mdudu ahesabiwe kuwa mdudu. Na kwa kuwa katika nchi nzima aliyekuwa na uzoefu wa kuhesabu wadudu, na idhini ya kufanya hivyo, alikuwa Chambuso peke yake, alipewa fomu mpya yenye safu mbili: Wadudu Wanaojenga Taifa, na Wadudu Waharibifu.

Alianzia Kisiwi. Watu walikuwa wameinama kwenye maboga, na unyoya mkononi, migongo imelowa umande. Aliwahesabu mstari kwa mstari mpaka akamfikia mkewe. Bi Mwanahawa alikuwa amepiga magoti mbele ya ua, akilizungushia unyoya polepole kwa mkono wa mtu aliyetazama nyuki wakifanya kazi hiyo miaka sitini.

“Umeniandika wapi?” aliuliza bila kuinua kichwa. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ya ungo.

“Hapa. Wanaojenga Taifa.”

Mkewe aliisoma fomu.

“Na yule aliyewaua wanangu, umemwandika wapi?”

Chambuso alichutama. Kisha akaiweka fomu juu ya goti, na kwenye safu ya pili, ambayo ilikuwa tupu, aliandika: mmoja. Pembeni, kwa kuwa fomu ilidai maelezo kamili, aliandika jina lake mwenyewe, mtaa wake na namba ya nyumba. Akatia sahihi. Hakuongeza kitu.

Fomu ilifika wizarani, na kwa bahati mbaya Waziri bado alikuwa anasoma ripoti. Jumatatu gazeti la serikali liliandika ukurasa wa kwanza kwamba nchi nzima imebakiwa na mdudu mharibifu mmoja tu, na kwamba serikali inaijua nyumba anayolala.

Jumatano walikuja wanaume sita wenye mabomba mgongoni. Walibisha hodi kwa adabu, wakavua kofia, wakamwomba mama mwenye nyumba atoe vyombo nje kwanza, isije dawa ikaingia kwenye chakula.

Chambuso alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameshavaa tai. Bi Mwanahawa alitoa sufuria, akatoa sahani, akatoa mtungi wa maji na kinu. Alifanya safari nne. Safari ya tano alirudi mikono mitupu, akaketi kwenye mkeka kando ya mumewe, akatandaza khanga yake juu ya magoti.

“Mama, toka nje,” alisema mkubwa wao. “Karatasi inasema mmoja.”

“Mwanangu, mimi naona wawili.”

Walitazama karatasi, wakatazama mkeka. Yule mkubwa alihesabu kwa kidole, akarudia.

“Karatasi inasema mmoja,” alisema tena, lakini safari hii kwa kuomba.

“Basi hesabu yenu ina makosa,” alisema Bi Mwanahawa. “Nendeni mkamlete mtu ahesabu upya.”

Hilo lilikuwa neno la haki, na wao walikuwa watu wa utaratibu. Walitoka, wakafunga mlango taratibu, wakakalia sufuria zilizopinduliwa uani, wakaanza kumngoja mtu mwenye idhini ya kuhesabu wadudu. Katika Jamhuri nzima mtu huyo alikuwa mmoja, naye alikuwa ndani, ameshikwa mkono na mkewe.